Adabu ya Kumuuliza Mzee Umri Wake

Katika kata ya Mbuba, wilayani Ngara, Tanzania, na hata katika vijiji vya wilaya jirani ya Biharamulo, swali "una miaka mingapi?" huulizwa mtoto bila kusita, lakini likielekezwa kwa mzee huonekana ukosefu wa adabu, kwa kuwa humshusha hadi kwenye rika la watoto, na tena wazee wengi walizaliwa nyumbani, bila cheti, hivyo tarakimu inayotakiwa hawanayo. Mwenye adabu hutanguliza "shikamoo", husubiri "marahaba", kisha huulizia nyakati: "Mzee, Uhuru ulikukuta umeshaanza kuchunga mbuzi?" au "Mama, vita vya Kagera vilikukuta umeshaolewa?"

Majibu ya namna hiyo yana hesabu ndani yake, kwani anayesema kwamba mwaka wa Uhuru, 1961, alichunga mbuzi lakini alikuwa bado hajaaminiwa kukabidhiwa ng'ombe, yumkini alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kwa waliozaliwa baadaye alama kubwa ni mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipovuka daraja la Rusumo kwa maelfu na kufurika kambi ya Benaco. Makarani wa sensa nao hutumia kalenda ya matukio, yaani orodha ya mambo makubwa yaliyotokea na miaka yake, kumkadiria umri asiyejua mwaka wake wa kuzaliwa.

Wazungumzaji wa Kikantoni, lugha ya Wachina wa Hong Kong na Guangdong, nao wana neno la heshima la kuulizia umri, "gwai gang", na wanayo pia njia ya kuzunguka, ambapo mtu huulizwa mnyama wa mwaka wake wa kuzaliwa. Kwa kuwa wanyama ni 12 na hurudi kwa zamu, sura ya mhusika hutosha kuonyesha ni zamu ipi. Hata hivyo njia ya Ngara inazidi kwa jambo moja: humpa mzee nafasi ya kusimulia maisha yake.

Kujua umri wa mzee kuna faida nyingine pia: Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa mwenye miaka 60 na kuendelea, na msamaha wa gharama za matibabu kwa wazee wasiojiweza umekuwa ukitegemea umri huo. Kwa hiyo wahudumu wa zahanati na maofisa wa vijiji waulize kwa matukio, na vijana wayaandike majibu ya wazazi wao mapema, wakati wenye kumbukumbu bado wapo.