Usiyaache maneno ya wazee yafie ndani ya disketi

Katika nyumba nyingi za kwetu kuna mkebe wa biskuti usio na biskuti hata moja. Ufungue nawe utakuta vyeti vya kuzaliwa, risiti za karo, picha za harusi zilizofifia na barua ambazo hakuna anayekumbuka zilijibiwa vipi. Na ikiwa mwenye nyumba alifanya kazi ya ofisi katika miaka ya 1990, basi chini kabisa, chini ya hayo yote, huenda ukakuta disketi.

Je, msomaji, mkebe wako unazo? Ukizipata usizitupe wala usiwape watoto wazichezee. Soma kwanza kisa cha familia moja ya Dundori, kisha uamue mwenyewe.

Dundori, kama wajuavyo waliopanda mlima kutoka Lanet kuelekea Ol Kalou, ni nchi ya viazi, kabeji na maziwa. Ni nchi ya baridi na ukungu pia. Hewa hiyo huifaa mboga, lakini ni adui wa karatasi na wa disketi. Huko ndiko aishiko mjane mmoja ambaye marehemu mumewe alikuwa karani katika ofisi fulani mjini Nakuru. Mwaka wa 1994 karani huyo alimketisha mamake mzazi mbele ya jiko, jioni baada ya jioni, akamwomba asimulie maisha yake tangu utotoni. Mama alisimulia jinsi wazazi wake walivyoishi katika mashamba ya masetla, jinsi walivyorudishwa Mkoa wa Kati baada ya Hali ya Hatari kutangazwa Oktoba 1952, na jinsi walivyorejea Bonde la Ufa baada ya uhuru na kuchanga pesa za kununulia kipande cha ardhi. Alitaja majina: nani alizaliwa wapi, nani alizikwa wapi, nani alichanga ng'ombe na nani alichanga mbuzi.

Kila siku kazi ilipokwisha, karani alibaki ofisini akayapiga chapa maneno hayo kwa Kikuyu kama yalivyosemwa. Zilipatikana kurasa 31. Alizitia katika disketi mbili, akachapisha nakala moja, akamkabidhi mamake.

Mama huyo aliaga dunia mwaka wa 1998. Karani naye akamfuata mwaka wa 2009. Nakala ile ya karatasi ilipita mikono mingi hata zikabaki kurasa tisa tu. Mwaka jana mjane alipotaka kila mjukuu apate historia ya nyanya yao mkuu, kilichokuwapo ni kurasa hizo tisa na zile disketi mbili.

Mjukuu aliye chuoni aliitwa. Kijana huyo disketi alikuwa ameiona kama picha tu, ile ndogo mtu anayoibonyeza kwenye kompyuta ili kuhifadhi kazi yake. Hata hivyo alitafuta kifaa cha kusomea, akafungua faili. Kioo kikajaa alama za ajabu, na katikati yake vipande vya maneno ya Kikuyu, mithili ya mtu anayeongea huku akizama. Mjane alidhani maandishi yameoza.

Hayakuwa yameoza. Yaliandikwa kwa programu nyingine.

Lugha ya programu za zamani

Wale waliosomea kozi za kompyuta miaka hiyo watakumbuka kile kioo cha buluu chenye maandishi meupe. Hiyo ndiyo WordPerfect 5.1, iliyotolewa mwaka wa 1989, na ambayo vyuo vingi vya mijini vilifundisha pamoja na Lotus 1-2-3 na dBase. Juu ya vitufe paliwekwa karatasi ngumu ya kukukumbusha: F7 kutoka, F10 kuhifadhi, Shift na F7 kuchapisha. Kabla yake ilitamba WordStar, iliyozaliwa mwaka wa 1978. Kisha ikaja Microsoft Word ya Windows, na kufikia mwisho wa muongo huo ofisi nyingi zilikuwa zimehamia huko.

Watu walihama lakini mafaili yao hayakuhama. Kila programu ina namna yake ya kuandika mambo yasiyoonekana: hapa wino ukolee, hapa ukurasa uishe, hapa mstari ukae katikati. Programu nyingine ikifungua faili hiyo bila kujua namna hizo, hukuonyesha kila kitu kama makorokoro. Maneno yenyewe yamo, yanangoja mkalimani tu.

Utajuaje ni programu gani? Usitegemee jina la faili. Wakati huo jina lilikuwa na herufi nane, kisha nukta, kisha herufi tatu, na WordPerfect 5.1 ilimwachia mtu aweke tatu azitakazo. Karani wetu aliandika .MAI kwa sababu hayo yalikuwa maneno ya mama. Fungua nakala ya faili kwa programu nyepesi kama Notepad, utazame mwanzo wake. Ukiona herufi WPC, hiyo ni WordPerfect. Ukiona maneno yanayosomeka vizuri ila herufi ya mwisho ya karibu kila neno imegeuka kitu kisichojulikana, yaelekea ni WordStar, kwani ndivyo ilivyokuwa ikiweka alama zake.

Namna ya kuhamisha

Sasa msomaji, shika kalamu uandike hatua hizi.

Kwanza, ikinge disketi. Ile ya inchi tatu na nusu ina kijidirisha kidogo pembeni chenye kifuniko cha kusogeza. Kisogeze mpaka tundu liwe wazi. Hapo kompyuta itaweza kusoma lakini haitaweza kuandika wala kufuta.

Pili, itazame kwa jicho. Sogeza kile kibati polepole uangalie utepe wa ndani. Ukiona madoa meupe ya kuvu, usiitie mashineni, kwani itaharibika zaidi na kuchafua kifaa kitakachosoma disketi inayofuata. Kule Dundori disketi moja kati ya zile mbili ilikuwa imeshikwa na kuvu. Ndipo familia ilipotambua hekima ya marehemu ya kuweka nakala mbili.

Tatu, tafuta kifaa cha nje cha kusomea disketi, kinachochomekwa kwenye kompyuta kama flashi. Kifaa hicho husoma zile za inchi tatu na nusu tu. Zile kubwa laini za inchi tano na robo zahitaji fundi mwenye mashine ya zamani. Kompyuta ikikuuliza kama unataka kufomati disketi, jibu ni hapana, na tena hapana. Kufomati ni kufuta.

Nne, nakili kila kitu kilichomo, uweke disketi kando, ufanye kazi na nakala peke yake. Faili la asili usiliguse asilani. Ukikosea leo, kesho utaanza upya.

Tano, fungua nakala kwa programu inayozijua lugha za zamani. LibreOffice haiuzwi, yapatikana bure, na inaifahamu WordPerfect. Microsoft Word za siku hizi nazo zaweza kukataa baadhi ya mafaili ya Word ya zamani sana kwa sababu za usalama, kwa hivyo ukikataliwa mlango mmoja jaribu mwingine. Likifunguka, lihifadhi kwa jina jipya na kwa muundo wa sasa, kisha utoe nakala ya PDF, halafu uchapishe karatasi.

Ikiwa unafanya haya kwenye saiba, kumbuka kufuta nakala zako kabla ya kuondoka. Wosia, nambari za vitambulisho na nambari za mashamba si vitu vya kuachia wapita njia.

Kufunguka si kupona

Wengi hufika hapo wakafurahi, wakafunga kazi. Hilo ndilo kosa kubwa. Faili lililofunguka linaweza kuwa limebadilika bila kukuambia.

Tazama tarehe. Programu hizi ziliruhusu mwandishi kuweka tarehe inayojigeuza yenyewe kila siku. Karatasi ya zamani ya familia yetu ilionyesha 14 Agosti 1994, lakini lile faili lilipofunguka, ukurasa wa kwanza ulionyesha tarehe ya siku hiyohiyo. Kwa hadithi ya nyanya huenda ukacheka. Je, kama yangekuwa makubaliano ya kugawa shamba? Andika tarehe ya asili kwa mkono wako, na ueleze umeitoa wapi. Wala usidhani faili linachukua nafasi ya karatasi iliyotiwa sahihi. Karatasi hiyo itunze.

Tazama pia majedwali na hesabu. Tarakimu zilizopangwa kwa safu zaweza kusogea, pesa za mtu mmoja zikaangukia jina la mwingine.

Kisha tazama herufi. Hapa ndipo familia ya Dundori ilipopata taabu kubwa kuliko zote. Kikuyu kina irabu saba, na mbili kati yake, ĩ na ũ, huandikwa kwa alama juu. Bila alama hizo msomaji hubahatisha matamshi. Kompyuta za wakati ule, kwa seti ya herufi zilizokuja nayo kiwandani, hazikuwa na ĩ wala ũ. Wengi waliandika bila alama, wengine waliziongeza kwa kalamu baada ya kuchapisha. Karani wetu, kwa subira ya ajabu, alitumia ufundi wa programu yake kupachika alama juu ya kila herufi. Faili lilipohamishwa, ufundi huo haukutafsirika. Mahali pengine alama ilikaa kando ya herufi, na pengine ilipotea kabisa. Neno mũgũnda, yaani shamba, lilitokea kwa sura tatu katika ukurasa mmoja.

Leo herufi hizo zimo katika Unicode, ule mpango wa kimataifa wa herufi ambao toleo lake la kwanza lilitolewa mwaka wa 1991, na simu yako yaweza kuziandika. Lakini kompyuta haiwezi kujua ni wapi pa kuzirudisha. Kijana alijaribu kuamuru i zote zigeuzwe ĩ, akaharibu maneno yaliyokuwa sahihi. Akarudia nakala ya awali.

Aliyeokoa kazi ni mjane. Kwa jioni sita aliketi na mjukuu wake mezani. Mjukuu alisoma kwa sauti, na nyanya akamkatiza: hapana, si hivyo, jina hilo hutamkwa hivi. Kurasa tisa za zamani zilikuwa shahidi wao kwa sehemu ya kwanza. Kwa kurasa 22 zilizobaki, shahidi alikuwa sikio lake peke yake. Palikuwa na majina ya watu na ya vijito ambayo hakuna mwingine katika ukoo aliyeyajua. Mawili hata yeye hakuwa na hakika nayo, na kijana akaweka alama ya kuuliza badala ya kubuni. Hiyo ni busara. Afadhali pengo linaloonekana kuliko uongo ulionyooshwa vizuri.

Kazi ilipokwisha, kila mjukuu alipata kitabu kidogo kilichobanwa kwa pini. Faili liko katika flashi mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti, na nakala nyingine iko kwenye barua pepe ya kijana. Disketi imerudi mkebeni.

Sasa fikiri, msomaji. Kama mjane huyo angesubiri miaka mingine kumi, programu ya kufungulia huenda ingalipatikana bado, lakini sikio la kusahihisha lisingekuwapo. Fundi wa kompyuta utampata mjini siku yoyote, ila mtu anayejua kilichoandikwa umri wake unapungua kila mvua zinapopita.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lenyewe nalo hupotea likikosa msomaji. Kwa hivyo Jumapili hii baada ya chakula cha mchana, teremsha ule mkebe. Ukikuta disketi, uliza ni ya nani na ina nini, uandike jibu juu ya bahasha, halafu mtafute yule kijana wa chuo. Na umketishe karibu na nyanya yake, si karibu na kompyuta peke yake.