Safu ya Biti katika Lugha ya C

Biti ni kipande kidogo kabisa cha habari katika kompyuta: ama 0, ama 1. Lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ina safu za herufi na safu za namba, lakini haina safu ya biti. Hata aina iitwayo _Bool, iliyotiwa katika lugha hiyo mwaka 1999, huchukua walau baiti nzima, ingawa hubeba ndiyo au siyo tu.

Hasara yake si ndogo. Mtu akitaka kuchekecha namba tasa kuanzia 0 hadi 999,999 kwa njia ya Eratosthenes, akaipa kila namba baiti moja yenye biti 8, atahitaji baiti 1,000,000. Akiipa kila namba biti moja, baiti 125,000 zatosha.

Sababu ya upungufu huu imo katika mzizi wa lugha yenyewe. Katika C, kuandika a[i] maana yake ni kushika anwani ya mwanzo wa safu, kusonga mbele hatua i, na kusoma kilichopo hapo. Lakini anwani hutolewa kwa baiti, kama vile nyumba ipewavyo namba mlangoni na vyumba vyake visipewe. Biti haina anwani, wala kielekezi hakiwezi kuifikia.

Lugha ya C++ ilijaribu njia nyingine katika kanuni zake za mwaka 1998: vekta ya bool iliruhusiwa kufungasha biti. Matokeo yake, mtu aombapo kipengele cha vekta hiyo hupewa mwakilishi wake, si kipengele chenyewe. Na programu zifaazo kwa vekta nyingine zote huweza kukwama hapo.

Kwa hiyo mwandishi wa C hufungasha biti mwenyewe. Akitaka kutia alama namba 77, huigawanya kwa 8: jibu ni 9, baki 5. Huiendea baiti ya 9, akihesabu kuanzia 0. Kisha husogeza 1 kushoto mara 5, apate 32, na kuiunganisha na baiti hiyo kwa tendo la «au». Kusoma hutumia tendo la «na»: jibu likiwa 0, alama haipo.

Safu ya biti ikiongezwa, ama vielekezi vyote vitabadilika, ama safu moja itakosa kufuata sheria ya wenzake.