Helmeti ya Baiskeli: Kazi Iko kwenye Povu

(MUZIKI WA KIPINDI, KISHA UPUNGUE)

MTANGAZAJI WA 1: Leo tunazungumza na ninyi mnaobeba abiria kwa baiskeli, na wewe mama unayeketi nyuma na mtoto mgongoni.

MTANGAZAJI WA 2: Wengi husema, "Mimi naendesha polepole. Helmeti ya nini?"

MTANGAZAJI WA 1: Basi tumchukue mtu aliyekaa juu ya baiskeli iliyosimama. Kichwa chake kiko juu kiasi cha mita 1 na nusu. Kikianguka kutoka hapo, kitagonga ardhi kwa kasi ya karibu kilomita 20 kwa saa. Na baiskeli haikuwa inakwenda popote! Mchanga wa laga unaweza kumhurumia. Lami ya barabara ya Lokichoggio haimhurumii mtu.

Ubongo ni laini, umekaa kwenye majimaji ndani ya fuvu. Fuvu likisimama ghafla, ubongo huendelea kusogea na kujigonga kwa ndani. Ndiyo maana mtu huweza kuumia vibaya bila tone la damu kuonekana.

MTANGAZAJI WA 2: Helmeti inasaidiaje?

MTANGAZAJI WA 1: Usidanganywe na ganda la nje linalong'aa. Kazi inafanywa na povu gumu la ndani, mfano wa lile jeupe linalokuja na televisheni mpya kwenye boksi. Likigongwa hubonyea, na kule kubonyea hupunguza nguvu ya pigo kabla halijafika kichwani. Likishabonyea halirudi. Helmeti iliyopata pigo kubwa mara moja imemaliza kazi yake, hata kama rangi bado inapendeza. Ukinunua ya mtumba, toa vitambaa vya ndani uangalie povu. Ukiona ufa, iache.

MTANGAZAJI WA 2: Na kofia ya mafundi wa ujenzi?

MTANGAZAJI WA 1: Ile ni ya kuzuia kitu kinachodondoka kutoka juu. Baiskeli humwangusha mtu kwa ubavu, kwa kisogo, kwa paji la uso. Tena nyingi hazina mkanda. Zinatoka kichwani kabla hujafika chini.

Helmeti yenyewe ikae vidole viwili juu ya nyusi. Wengi huisukuma nyuma ili wapate upepo, paji likabaki wazi. Mkanda ufungwe chini ya kidevu, ibaki nafasi ya kidole kimoja tu.

MTANGAZAJI WA 2: Helmeti ina bei, na unga una bei.

MTANGAZAJI WA 1: Kweli. Asiye nayo leo akague breki kabla ya kupakia abiria, na usiku awe na taa. Mama, kusanya kitenge chako kabla hakijaingia kwenye gurudumu.

Na mtu akigonga kichwa, mwangalieni hadi kesho yake, asilale peke yake. Akitapika mara kwa mara, akichanganyikiwa, akiwa mgumu kuamshwa, akipata degedege, au maji au damu ikitoka masikioni, afike hospitali saa hiyo hiyo. Kama shingo inamuuma, msimpakie kwenye baiskeli. Alale alipo, kichwa kisitikiswe, mmoja wenu akimbie kuita gari la wagonjwa.

(MUZIKI)