Reli ya Mafuta kutoka Karakana ya Kigoma

Kila mwaka, wanafunzi wa vyuo vikuu katika nchi nyingi huunda gari dogo la mashindano lenye kiti kimoja na kulipeleka mbele ya majaji. Mashindano hayo yalianza Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kufika Uingereza mwaka 1998 kwa jina la Formula Student. Kasi peke yake haitoshi kushinda. Kati ya alama 1,000, alama 150 ni za usanifu, na hapo mwanafunzi hubanwa aeleze kwa nini kila kipande amekifanya hivyo alivyokifanya. Kimoja cha vipande hivyo ni reli ya mafuta, ambayo mtazamaji wa kawaida hata haioni. Naona reli hiyo inaweza kutengenezwa vizuri katika karakana ya kawaida ya Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, na ni zoezi bora kwa kijana anayejifunza ufundi kuliko mengi tunayompa, kwa kuwa ugumu wake hauko kwenye mashine. Uko kwenye kupima.

Reli ya mafuta ni kipande cha alumini au chuma kilichotobolewa kwa urefu wake. Petroli huingia ikisukumwa na pampu, na ubavuni zimechomekwa nozeli, kila moja ikilisha silinda yake. Shinikizo la ndani huwa kama baa 3, yaani takriban mara tatu ya lile la hewa inayotuzunguka. Kompyuta ya injini huiamuru nozeli ifunguke kwa muda fulani mfupi, ikichukulia kwamba shinikizo halijabadilika. Likishuka kwa asilimia 10, mafuta yanayotoka hupungua kwa karibu asilimia 5, mchanganyiko ukawa na hewa nyingi mno na joto la injini likapanda. Chukua injini ya pikipiki yenye silinda nne, ikizunguka mara 12,000 kwa dakika: kila nozeli hufunguka mara 100 kwa sekunde, na zote nne mara 400. Kila kufunguka hulitikisa shinikizo. Ndiyo maana tundu la reli huachwa pana kuliko linavyohitajika kupitisha mafuta tu, ili ujazo wa ziada umeze mitikisiko hiyo.

Kwa nini basi wanafunzi wasitumie reli iliyokuja na injini? Kanuni za mashindano huibana injini ya petroli ivute hewa yake yote kupitia koo lenye kipenyo cha milimita 20. Koo hilo huwalazimisha kuunda upya njia nzima ya hewa, na njia ikibadilika, nafasi kati ya nozeli huweza kubadilika pia. Hapo reli ya kiwandani haikai tena.

Kazi yenyewe ni ya mashine ya kukereza, keekee ya kusimama, tupa na subira. Shida ya kwanza ni tundu refu la katikati. Keekee ndefu ina tabia ya kukengeuka, ikaanza katikati ya kipande na kutokea pembeni, kwa hiyo fundi hutoboa kutoka ncha zote mbili au hutafuta kipande kilichotoka kiwandani na tundu lake. Halafu yanafuata makalio ya nozeli, yaani matundu ambamo nozeli hukaa. Nozeli huzuia kuvuja kwa oringi, pete ya mpira inayobanwa kati yake na ukuta wa tundu. Tundu likiwa pana kwa sehemu ndogo ya milimita, oringi haibani. Likiwa jembamba, inakatwa wakati wa kuingizwa. Mdomo wa tundu lazima ulainishwe kwa mteremko mdogo, na ukuta usiwe na mikwaruzo. Palepale matundu mawili yanapokutana ndani hubaki vinyweleo vya chuma. Visipoondolewa, siku moja hung'oka na kuziba nozeli, na kosa la dakika tano karakanani likawa injini iliyoungua. Makalio yote manne yanapaswa kukaa kwenye mstari mmoja, na wanaochagua kuyachomelea kwenye bomba hugundua upesi kwamba joto la kuchomelea huyasogeza.

Hakuna hatua katika hizo inayodai mtambo wa mamilioni. Kinachodaiwa ni venia inayoaminika, yaani kipimio cha sehemu ndogo za milimita, na mtu asiyesema "inatosha" kabla haijatosha. Mwambao wa Ziwa Tanganyika si mgeni wa nidhamu hiyo. Wavuvi wa dagaa, kabla ya taa za betri, walitegemea karabai katika usiku wa giza, na karabai ni mfumo wa mafuta yenye shinikizo: tangi linalopigwa pampu kwa mkono, bomba, na kitundu chembamba cha kutolea. Aliyeitunza alijua kwamba washa ya ngozi ikikauka shinikizo hupotea na mwanga hufifia, na kwamba uchafu kidogo kwenye kitundu huharibu kazi ya usiku mzima. Anayejua hayo ameshaelewa nusu ya habari ya reli ya mafuta.

Ushahidi mkubwa zaidi ni meli ya Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafungwa kwa boliti kwanza, ikafunguliwa na kupakiwa kwenye makasha yapatayo 5,000. Makasha yalisafiri kwa bahari hadi Dar es Salaam, yakaletwa kwa treni hadi Kigoma, na meli ikaunganishwa upya hapa kwa ribiti. Matundu yaliyotobolewa Ulaya yalilingana Kigoma kwa sababu yalipimwa na kujaribiwa kabla ya safari. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini mafundi waliipaka mitambo grisi nzito kwanza. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 waliikuta mitambo bado inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Sidai kwamba historia hiyo inamfanya kijana wa Ujiji awe fundi. Inaonyesha tu kwamba umbali kutoka viwandani haujawahi kuwa kizuizi cha usahihi.

Atakuwepo wa kusema Kigoma haina uwanja wa mbio za magari, na reli zinauzwa tayari. Kweli, mwenye gari la kawaida anunue. Atakuwa amefanya busara. Lakini mfumo wa nozeli hauko kwenye magari ya mashindano tu. Umo kwenye magari mengi yanayopita mitaa ya Mwanga na Ujiji hapa Kigoma, na umo kwenye injini za kisasa za boti zenye mipigo minne, wakati mafundi wengi wa ziwani walizoea kabureta. Fundi aliyewahi kutengeneza reli kwa mikono yake atajua pa kutazama injini inapokosa nguvu katikati ya maji, badala ya kubadilisha vipuri kwa kubahatisha.

Pingamizi la hatari ni zito zaidi, na halistahili kupuuzwa. Petroli yenye shinikizo karibu na injini ya moto ni moto unaosubiri sababu. Kanuni za mashindano zinajua hivyo: reli lazima ifungwe kwa vifungio imara kama boliti, si kwa klipu za mipira wala kamba za plastiki, na reli za kujitengenezea za plastiki haziruhusiwi. Kwa mwanafunzi wa Kigoma ningeongeza sharti moja, kwamba zoezi liishie kwenye meza ya majaribio, bila tone la petroli. Reli ijazwe maji, hewa itolewe yote, shinikizo lipandishwe polepole kwa pampu ya mkono hadi mara mbili ya lile la kazi, kisha geji iachwe na kutazamwa. Hewa iliyobanwa isitumike, kwa kuwa kipande kikipasuka hewa hurusha vyuma, ilhali maji hupoteza shinikizo mara moja.

Wengine watasema zama za petroli zinaisha. Chuo Kikuu cha Makerere kilionyesha gari la umeme, Kiira EV, mwaka 2011, na huenda wanafunzi wa kesho wasiguse nozeli kabisa. Lakini betri kubwa na mota mara nyingi hupozwa kwa kimiminika kinachopita kwenye vibamba vilivyotobolewa, vyenye oringi na matundu yanayokutana, na huko uvujaji hukutana na umeme wa volti nyingi. Zoezi ni lilelile. Na reli itakayovuja kwenye jaribio la maji isizibwe kwa gundi. Ikatwe kwa msumeno katikati ya kalio linalovuja, mwanafunzi apime tena ukuta wa tundu kwa venia, aandike tofauti aliyoikuta, kisha aanze kipande kipya.