Je, Wajua? Kioo cha kamera na umeme wa Juba

Je, wajua kwamba Sudan Kusini ilipotangaza uhuru tarehe 9 Julai 2011, pale penye kaburi la John Garang jijini Juba, wapiga picha wa habari duniani bado walitegemea zaidi kamera za DSLR? Ndani yake mna kioo kinachopeleka mwanga wa lenzi hadi kwenye jicho la mpigaji. Ukibonyeza, kioo huruka juu, ndiyo maana husikika "klak".

Kamera nyingi mpya hazina kioo. Jicho hutazama skrini ndogo inayowaka muda wote, nayo hula umeme. Canon EOS 5D Mark II ya 2008 ilikadiriwa kupiga picha 850 hivi kwa betri moja. EOS R ya 2018, takriban 370. Mjini Juba, ambako wengi hutegemea jenereta na sola, tofauti hiyo ni kubwa sana. Anayepiga picha za harusi kutwa nzima na abebe betri za akiba.

Lakini kamera mpya zinaweza kupiga kimya kabisa, na msibani au ibadani hiyo ni heshima ya kweli.

Lenzi za zamani nazo usiziuze haraka: zile za Canon EF, za DSLR, huhitaji milimita 44 hadi kwenye sensa, za RF, za kamera zisizo na kioo kama EOS R, 20 tu, na adapta hujaza pengo hilo. Vumbi la kiangazi ndilo la kuchunga. EOS R hufunika sensa kwa shata inapozimwa, kwa hiyo izime kabla ya kubadili lenzi.