Modemu Inapokataa, Tuanze Ukutani

Kupata intaneti kwa kupiga simu kumekuwa jambo la nadra. Kampuni ya AOL ya Marekani, iliyowaunganisha mamilioni ya watu kwa njia hiyo, iliifunga huduma yake tarehe 30 Septemba 2025. Hata hivyo, palipo na simu ya waya na kituo kinachopokea, kompyuta kuukuu ya kupakata yenye Linux yaweza bado kuiletea familia barua ya askari aliye mbali. Inapokataa, usifute kila kitu na kuanza upya. Kila kosa lina mahali pake. Lifuate hatua kwa hatua.

Kwanza, laini. Chomeka simu ya kawaida katika tundu lile lile la ukutani. Usiposikia mlio, kompyuta haina hatia. Jihadhari na swichibodi za kidijitali za ofisini, kwani umeme wake waweza kuiunguza modemu. Swichibodi nyingine zina mlio wa namna yake, na modemu huandika NO DIALTONE ingawa laini ni nzima. Hapo amri ATX3 huiagiza ipige bila kungoja mlio.

Pili, modemu yenyewe. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, modemu nyingi za ndani zilipunguzwa vipuri ili bei ishuke, na kazi yao ikaachiwa programu za Windows. Katika Linux modemu hizo huwa bubu mpaka zipate programu yake maalumu. Modemu ya nje ya aina ya zamani haina taabu hiyo. Tundu ambalo Windows huliita COM1, Linux huliita /dev/ttyS0. Iandikie modemu herufi AT. Ikiwa hai, hujibu OK. Ikinyamaza, huenda umekosea tundu, au huna ruhusa: katika Debian, mtumiaji sharti awemo katika kundi la dialout.

Tatu, maelewano. BUSY maana yake simu ya upande wa pili inatumika. NO CARRIER maana yake modemu mbili hazikuelewana, au simu imekatika. Ikiwa zimeelewana, kisha simu ikakatwa mara moja, kagua jina na neno la siri vinavyotumiwa na programu ya pppd.

Nne, njia. Umeunganishwa, lakini kurasa hazifunguki? Tumia amri ya ping kwa anwani ya tarakimu, kama 8.8.8.8. Ikijibu, kosa limo katika kutafuta majina. Tazama faili la /etc/resolv.conf. Isipojibu, huenda njia ya zamani ya kadi ya mtandao bado imeshikiliwa, na kwa kawaida pppd haiiondoi yenyewe. Iondoe, kisha piga tena.

Dakika za simu ni fedha ya nyumba. Kabla ya kupiga mara ya pili, yanakili maneno yaliyotokea kwenye kioo, kwani ndiyo yatakayokuonyesha pa kuanzia.