Erddig: nyumba iliyozama mita 1.5

Tukiongea juu ya usanifu wa majengo tunapenda kuanza na uso wa nyumba: madirisha, ngazi, paa. Kwa Erddig mimi naanza chini, juu ile nyumba shida yake kubwa ilitoka ndani ya udongo.

Erddig iko karibu na mji wa Wrexham, kaskazini-mashariki ya Wales. Ilianza kujengwa miaka ya 1680 kwa tajiri mmoja, Edisbury. Mjenzi Thomas Webb hakutafuta maajabu: matofali ya kuchoma, mistari ya madirisha tisa tisa, kushoto sawa na kulia. Lakini makuta ya mwenye nyumba yakaisha. Edisbury alikopa, hata kwa Elihu Yale, yule ambaye jina lake liko leo kwenye universite kubwa ya Marekani, mwisho akafilisika. Mwanasheria wa London, John Meller, akainunua, na miaka ya 1720 akaongeza bawa moja kila upande. Njo maana inaonekana ndefu hivi. Baada yake ikaingia mikononi mwa mpwa wake, Simon Yorke, mwaka wa 1733. Upande wa magharibi mvua na upepo vilikula matofali, kwa hiyo miaka ya 1770 ukuta ule ukavalishwa mawe. Ukizunguka leo unaona kama nyumba mbili, na mimi ule wa matofali napenda zaidi.

Sasa tushuke. Chini ya Erddig kulikuwa makaa ya mawe. Mgodi wenye akili huacha nguzo ya makaa chini ya jengo, bila kuichimba, ili ardhi isilegee. Mwaka wa 1947 serikali ya Uingereza ilitaifisha migodi, na ile nguzo ikachimbwa. Udongo ukashuka, nyumba ikashuka nayo, mpaka mita 1.5 hivi. Na kwa sababu haikushuka sawasawa, kuta zikapasuka na maji yakaingia kwa paa. Ndoo ziliwekwa vyumbani kukinga matone. Wasomaji wa sehemu zenye migodi hawahitaji kuelezwa zaidi.

Philip Yorke, wa mwisho wa ukoo, aliishi mule bila umeme. Mwaka wa 1973 akaitoa kwa National Trust, shirika la kulinda majengo ya zamani. Mgodi ulilipa fidia ya pauni 120,000 kuimarisha msingi. Makuta mengine yakapatikana kwa kuuza sehemu ya shamba. Wageni wakafunguliwa mlango mwaka wa 1977.

Mlango gani? Hapo njo naona akili ya wale waliotengeneza. Mgeni haingii kwa ngazi kubwa ya mbele. Anapita karakana ya seremala, kwa mhunzi, zizi la farasi, dobi, jiko. Halafu anakuta picha za watumishi, juu hawa akina Yorke walikuwa na desturi ya ajabu: walichoresha mpishi, fundi, mtumishi wa kike, na kuwaandikia mashairi. Kati yao kuna kijana mweusi ameshika baragumu. Vyumba vya wakubwa, na kile kitanda chenye mapazia ya hariri ya Kichina, vinakuja nyuma ya hao wote.